Vipele vya Uso: Si Uchafu, Si Zambi, Si Laana

Ndugu msomaji kijana, ukurasa huu ni wako. Na ninyi ba tata na ba mama, musiupite upesi, kwa kuwa neno lenu pia liko ndani.

Tunataka kuzungumza juu ya vile vipele vinavyotokea usoni, mgongoni na kifuani wakati mtoto anaanza kuwa mtu mzima. Katika vitabu vinaitwa chunusi. Hapa kwetu, tangu Kipushi na Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, wengi wanasema tu mabutoni. Labda mtu atauliza: "Gazeti la kanisa linaandika juu ya mabutoni? Hakuna mambo makubwa kuliko hayo?"

Ndugu, angalia vizuri. Kuko kijana aliyeacha kuimba katika korali kwa sababu hataki kusimama mbele ya watu. Kuko mwanafunzi anayejua jibu lakini hainui mkono, kwa kuwa kilasi yote itageuka kumtazama. Kuko binti anayetoa feza ya masomo ili anunue tubi moja ya mafuta sokoni. Na kuko mwanaume mkubwa ambaye ameona haya ya binti huyo, naye anaitumia kama mlango wa kumwangusha. Kipele chenyewe kinapita. Lakini mambo ambayo mtu anafanya kwa sababu ya haya yanaweza kukaa naye siku zote za maisha. Ndiyo maana tunaandika.

NINI KINATOKEA NDANI YA NGOZI?

Ndani ya ngozi yako muna vishimo vidogo sana ambamo nywele zinatoka. Kando ya kishimo kuko tezi, ni kama kifuko kidogo kinachotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Usoni, kifuani na mgongoni tezi hizo ni nyingi kuliko pahali pengine.

Mtoto anapokaribia kukomaa, mwili wake unaanza kutoa kwa wingi vitu vinavyoitwa homoni. Homoni ndizo zinazobadilisha sauti ya mvulana na umbo la msichana. Kati yao kuko zile zinazoitwa androjeni. Wavulana wanazo nyingi, lakini wasichana nao wanazo. Zinaamuru tezi zitoe mafuta mingi. Wakati uleule ngozi iliyokufa ndani ya kishimo inashikamana, haitoki vizuri. Mafuta na ngozi hiyo vinaziba mlango, sawa mfereji uliojaa takataka wakati wa mvua. Halafu vijidudu ambavyo vinaishi juu ya ngozi ya kila mtu, hata yule mwenye uso laini, vinaongezeka ndani ya kishimo kilichofungwa. Mwili unapigana navyo. Hapo kipele kinavimba, kinauma, kinatunga usaha.

Umeelewa? Hii ni kazi ya mwili unaokua. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye miaka 12 mpaka 24 wanapata vipele hivi, wengine kidogo, wengine mingi. Kwa wasichana mara nyingi vinaanza mapema, na vinaweza kuongezeka siku chache mbele ya mwezi wao. Kwa wavulana vinakawia kuanza, lakini vinaweza kuwa vikali zaidi. Kama baba au mama alikuwa navyo sana, mtoto naye anaweza kufuata njia hiyo. Kwa watu wengi vinapungua wanapopita miaka 20, hata kama wengine, zaidi sana wanawake, wanaendelea navyo miaka mingine.

Jambo lingine lijulikane kwetu wenye ngozi nyeusi. Kipele kikikauka kinaacha alama nyeusi kuliko ngozi ya kando. Alama hiyo si kovu, ni rangi tu ambayo ngozi ilitoa mingi wakati wa kuvimba. Inaweza kukaa miezi mingi, na jua kali linaikawisha, lakini kidogo kidogo inapungua yenyewe. Kumbuka neno hili, maana biashara mbaya inasimama juu ya alama hiyo. Tutaiona mbele.

MANENO YA UONGO YANAYOTEMBEA KATIKA KAMBI

"Ni uchafu, hanawake muzuri." Hapana. Zile nukta nyeusi puani si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe iliyoguswa na hewa. Mtu anayesugua uso mara tano kwa siku na sabuni kali ya kufulia nguo anaukausha na kuuumiza, na vipele vinaweza kuongezeka.

"Ni karanga." Mara nyingi karanga zinapata lawama bure. Waganga wameona kwamba kwa watu wengine vinywaji vya sukari mingi, biskuti na bonbo vinaweza kuongeza vipele. Basi kupunguza sukari ni vizuri, hata kwa meno. Lakini usimnyime mtoto chakula kinachomjenga kwa sababu ya uso.

"Ule iko na ukimwi, angalia uso yake." Neno hili limevunja watoto wengi. Vipele vya ujana si alama ya ukimwi. Ukimwi unajulikana kwa kupima damu, haujulikani kwa kumtazama mtu uso.

"Kuko mutu anamuroga." Katika jamaa zetu neno hili linaenda mbio kuliko moto. Soma Walawi 13. Pale mtu mwenye alama katika ngozi aliletwa kwa kuhani. Ikiwa jambo halikuonekana wazi, kuhani hakukata maneno siku ileile. Alingoja siku saba, akaangalia tena, na pengine akangoja siku saba nyingine. Na kwa watu wengine aliangalia, akasema: huyu ni safi, ni kipele tu. Basi sisi tunapata wapi haraka ya kumhukumu mtoto kwa macho ya mara moja?

Sasa neno la mwisho, nalo ndilo baya kupita yote. Linasemwa polepole, njiani kwenda kisimani, au nyuma ya duka: "We, hii mabutoni ni juu unakaa bure. Ukilala na mwanaume, itaisha yote." Hata wavulana wanaambiwa na wakubwa wao waende kwa wanawake wa njiani.

Vijana, musikie vizuri. Ni uongo. Kulala na mtu hakupunguzi hata kipele kimoja. Tezi za ngozi hazijui kama umeoa ao kuolewa. Lakini jambo hilo linaweza kuleta mimba, kaswende na ukimwi, na linaweza kukata masomo. Binti, mwanaume anayekuambia maneno hayo hatafuti uso wako upone. Umwache pale pale, kisha umwambie mama, ao mama mkubwa, ao bibi wa mchungaji. Ni yeye mwenye aibu, si wewe. Na wewe mama usiyesema wazi lakini unawaza moyoni, "Aolewe tu, uso utatengenea," uache wazo hilo. Ndoa si dawa ya ngozi.

TUBI ZA SOKO

Tulisema alama nyeusi zinajenga biashara. Unaenda sokoni, muuzaji anakuangalia na kusema: "Yaya, chukua hii, siku tano tu." Unapaka. Na kweli, siku za kwanza uvimbe unapungua na uso unaanza kuwa mweupe. Unamshukuru Mungu na unanunua ya pili.

Ni nini iko ndani ya tubi hiyo? Mara nyingi ni dawa ya nguvu ya jamaa ya kortizoni. Dawa hiyo ina kazi yake hospitalini, kwa magonjwa fulani na kwa siku za kuhesabu. Lakini ukiipaka usoni miezi na miezi, inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Mishipa midogo inaonekana, nywele zinaota pahali zisipostahili, ngozi inapasuka mistari, vidonda vinakawia kupona. Na dawa yenyewe inaleta vipele vipya. Ukiiacha, vinarudi kwa wingi kuliko vya kwanza, nawe unakimbia kununua tena. Hapo umefungwa kamba.

Kuko tena hidrokinoni, ambayo inaharibu rangi ya ngozi. Mtu akiitumia muda mrefu, uso unaweza kugeuka kuwa na mabaka meusi ya samawati ambayo ni vigumu sana kuondoa. Na katika sabuni na pomadi nyingine za kung'arisha muna zebaki, sumu inayopita katika ngozi na kuharibu figo.

Basi jifunze kusoma kartoni. Kama unaona maneno clobétasol, bétaméthasone, hydroquinone ao mercure, rudisha tubi mezani. Kama haina maneno yoyote juu yake, iache zaidi. Na wewe ambaye umekwisha kuipaka miezi mingi, usiitupe kwa hasira siku moja kisha ukateseka peke yako. Nenda kwa munganga, umwonyeshe tubi yenyewe, akuongoze namna ya kuacha.

Dawa ya meno, maji ya ndimu, mikojo: hizo nazo zinaunguza ngozi tu. Ngozi iliyoungua inaacha alama nyeusi zaidi.

VIPELE VINAVYOTOKA KAZINI NA KATIKA MAFUTA YA NYWELE

Kwetu katika inchi ya shaba kuko jambo la pekee. Vijana wengi wanafanya kazi katika garaji, katika viwanda, ao chini ya mashimo. Mafuta ya mashine na grisi vinaziba vile vishimo vya ngozi, na vipele vinatokea mikononi na mapajani, pale nguo yenye mafuta inagusa. Ubadilishe nguo ya kazi, uifue, unawe kwa sabuni mara unapotoka.

Kofia ya kazi na kamba yake ya kidevuni nazo zinasugua ngozi yenye jasho. Waganga wa Marekani walieleza vipele vya namna hiyo mwaka 1975. Usivue kofia chini ya shimo ili uso uwe mzuri! Panguza kamba, weka kitambaa safi laini chini yake, unawe ukifika nyumbani. Lakini kama ngozi inawasha sana na kutoa maji, inaweza kuwa si chunusi. Kuko watu ambao ngozi yao haipatani na kobalti ao nikeli. Umwonyeshe munganga wa kazi.

Mabinti, na vijana wanaopenda nywele kung'aa: mafuta mazito ya nywele yakishuka kwenye paji la uso yanaleta vipele vidogo vidogo kando ya nywele. Jambo hilo liliandikwa na waganga tangu mwaka 1970. Paka nyuma kidogo, mbali na paji, na ufue kitambaa cha kichwa mara kwa mara.

UFANYE NINI BASI?

1. Nawa uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kila mara ukitoka jasho mingi. Tumia maji safi na sabuni laini. Tumia vidole, usisugue na wavu wala jiwe. Panguza polepole na kitambaa chako mwenyewe.

2. Usikamue. Ukikamua, usaha unaweza kuingia ndani zaidi, na kidonda kinaacha kovu la kweli. Wengi wetu tuna ngozi inayofanya makovu makubwa yenye kuinuka, zaidi sana kifuani, mabegani na kwenye taya.

3. Kama vipele ni vingi, uliza farmasi ya kweli dawa inayoitwa peroksidi ya benzoili. Kwenye kartoni imeandikwa peroxyde de benzoyle. Anza na ile yenye nguvu kidogo, 2,5 ao 5 kwa mia. Chukua kiasi cha punje ya kunde kwa uso wote, jioni moja, ruka moja, mpaka ngozi izoee. Paka mahali pote panapotokea vipele, usipake tu juu ya kipele kimoja. Inaweza kukausha na kuwasha kidogo. Ikiunguza sana, acha. Na angalisho: inapausha nguo. Usiipake mbele ya kuvaa kanzu ya korali.

4. Ngoja. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Dawa nzuri haifanyi kazi siku tano. Inahitaji juma 6 mpaka 8 ndipo uanze kuona mabadiliko, na pengine miezi 3. Anayekuahidi siku tano anakuuzia kortizoni.

5. Jikinge na jua kwa kofia ao mwavuli, ili alama nyeusi zipungue.

6. Usinunue vidonge vya antibiotiki njiani. Munganga anaweza kukupa, kwa mfano doksisiklini, kwa muda wa miezi michache pamoja na dawa ya kupaka, lakini haifai kwa mwanamke mwenye mimba. Dawa nyingine ya nguvu, izotretinoini, inaharibu mtoto tumboni. Isiguswe bila munganga.

Kama unakunywa dawa za kifua kikuu na vipele vimetokea, usiache dawa. Isoniazidi, moja ya dawa hizo, inaweza kuvileta. Mwambie munganga, uendelee mpaka mwisho. Hata sindano za vitamini B12 ambazo watu wanapenda kupigwa "ili kupata nguvu" zinaweza kuleta vipele usoni.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALINI

Nenda kama vipele ni vikubwa, viko ndani na vinauma. Kama vinaacha makovu. Kama mtoto ni mdogo sana, hajafika umri wa kukomaa. Kama binti ana vipele vingi, mwezi wake unapotea, na ndevu zinaota.

Chunusi hailete homa. Kama kuko homa, tezi zimevimba shingoni ao kwenye mapaja, na vipele vinafika mpaka katika viganja na nyayo, enda upesi kituo cha afya: inaweza kuwa mpox. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitangaza hatari ya dunia yote juu ya mpox tarehe 14 Agosti 2024, na likaondoa tangazo hilo tarehe 5 Septemba 2025. Lakini kuondoa tangazo si kusema ugonjwa umekwisha.

Na kuko ugonjwa mmoja usioonekana usoni. Kama kijana hatoki tena nyumbani, halali, hali, ao anasema kwamba afadhali afe, musimcheke wala kumwambia "ni mabutoni tu". Mukae naye, mumpeleke kwa munganga, mumwite mchungaji. Huzuni ya namna hiyo inaua.

NENO KWA WAZAZI NA KWA KANISA

Ba tata, ba mama, ba yaya: musimpe mtoto jina la vipele vyake. Utani wa asubuhi unaingia ndani sana. Afadhali mumwambie: "Hata miye nilikuwa navyo, na vilipita." Sabuni laini moja na saa moja ya kumsikiliza vinafaa kuliko matusi kumi.

Viongozi wa korali na wa vijana, musimweke mtu mstari wa nyuma kwa sababu ya uso wake. Mulijua habari ya 1 Samweli 16: hata nabii Samweli aliangalia kimo na sura ya wana wa Yese, na Bwana alimkataza kuchagua namna hiyo.

Wengine watauliza: tuombe ao tutafute dawa? Isaya alikuwa nabii, naye alipeleka kwa mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba atapona. Lakini aliagiza pia waweke mkate wa tini juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7). Sala na dawa vilitembea pamoja. Kijana, fanya vile vile. Omba, nawa, paka dawa ya kweli, ngoja. Na siku ya Mungu, simama mahali pako katika korali, uimbe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Ni maneno gani ya uongo juu ya vipele tumesikia katika kambi yetu? Nani aliyasema, na alikuwa na faida gani?

2. Leteni tubi na pomadi zote za nyumbani juu ya meza. Someni pamoja maneno ya kartoni. Ni zipi za kuacha?

3. Binti ao mvulana wetu akisumbuliwa na mtu mkubwa, anajua atamwambia nani bila kuogopa?